Mtoto mchanga anapocheua maziwa: Mambo ambayo kila mzazi anafaa kujua

KATIKA maeneo ya majani chai ya Kericho na Bomet, siku huanza mapema. Kabla ya ukungu kuondoka mashambani, wachumaji huwa tayari njiani na vikapu vyao mgongoni. Katika nyumba yenye mtoto mchanga, mama huwa ameamka mara kadhaa usiku kunyonyesha. Na mara nyingi, mtoto akishashiba na kuwekwa begani, maziwa humtoka mdomoni na kulowesha nguo.

Kwa wazazi waliopata mtoto wa kwanza, tukio hilo huzua hofu kubwa. Je, mtoto ni mgonjwa? Je, maziwa ya mama yana kasoro? Jamaa na majirani nao huwa na majibu yao. Mmoja husema maziwa ya mama ni mepesi mno, mwingine hushauri mtoto apewe uji ili “yakae tumboni”, na mwingine hutuma mtu dukani akanunue dawa ya tumbo.

Ukweli ni kwamba kwa watoto wengi kucheua si ugonjwa, na hukoma kwenyewe bila tiba yoyote. Hatari hutokea kwa njia mbili: wazazi wanapoacha kumpa mtoto maziwa ya mama kwa sababu ya hofu, au wanapokosa kutambua dalili chache zinazoonyesha kwamba mtoto hacheui tu, bali ni mgonjwa na anahitaji daktari mara moja.

Kucheua na kutapika ni mambo mawili

Maziwa hupita kutoka mdomoni hadi tumboni kupitia umio. Mwishoni mwa umio, pale unapoungana na tumbo, kuna msuli wa mviringo unaofanya kazi kama mlango. Hufunguka kuruhusu chakula kishuke, kisha hujifunga ili kisirudi. Kwa mtoto mchanga msuli huo haujakomaa, na hulegea mara kwa mara hata wakati ambapo haufai kulegea.

Isitoshe, umio wa mtoto ni mfupi, chakula chake chote ni cha majimaji, na sehemu kubwa ya siku huwa amelala. Mambo hayo yakijumuishwa, si ajabu kwamba maziwa hurudi juu kwa urahisi.

Mtoto anayecheua hutokwa na maziwa polepole, bila kujikaza na bila maumivu. Aghalabu kiasi chake ni kijiko kimoja au viwili vya chai, ingawa kikimwagika kwenye nguo huonekana kingi. Mzazi anayetilia shaka anaweza kumimina kijiko kimoja cha maji juu ya kitambaa na kulinganisha alama hizo mbili.

Kutapika ni tofauti. Misuli ya tumbo hujikaza, maziwa hutoka kwa nguvu na kwa wingi, na mtoto huonekana kusumbuka. Kutapika mara moja hakumaanishi lazima kuna ugonjwa mkubwa, lakini kukirudiwa kunahitaji kuchunguzwa na mhudumu wa afya.

Wazazi wengine hushtuka wanapoona maziwa yametoka yakiwa yameganda mfano wa maziwa mala. Hilo pia ni la kawaida. Maziwa huganda yanapokutana na asidi ya tumboni, na kuganda huko huonyesha kwamba yalikuwa yameanza kusagwa. Aidha, maziwa yanaweza kupitia puani mara mojamoja kwa kuwa pua na koo vimeungana.

Takriban nusu ya watoto walio chini ya miezi mitatu hucheua angalau mara moja kwa siku. Hali hii huongezeka hadi kufikia kilele karibu na mwezi wa nne, kisha hupungua mtoto anapoanza kuketi na kula chakula kigumu. Anapotimiza mwaka mmoja, wengi wao huwa wameacha kabisa.

Siku za kwanza baada ya kuzaliwa

Shirika la Afya Duniani (WHO) hushauri mtoto aanze kunyonya katika saa ya kwanza baada ya kuzaliwa. Maziwa ya siku hizo za mwanzo, yaitwayo dang'a, ni mazito, ya rangi ya manjano na machache. Uchache wake huwafanya baadhi ya kina mama kuamini kwamba hawana maziwa. Wengine huyakamua na kuyamwaga wakidhani ni machafu.

Hilo ni kosa. Dang'a ina kinga nyingi za kumlinda mtoto dhidi ya maradhi, na uchache wake unalingana na tumbo lake. Katika siku ya kwanza, tumbo la mtoto hupokea mililita chache tu kwa mlo mmoja, yaani kijiko kimoja hivi cha chai. Kufikia mwisho wa juma la kwanza, kiasi hicho huwa kimepanda hadi mililita 45 au 60.

Mzazi akielewa jambo hili, ataona kwa nini mtoto wa siku mbili anayepewa chupa nzima ya maziwa ya kopo hucheua sana. Ni kama kumimina galoni ndani ya kikombe.

Kwa kuwa tumbo ni dogo, mtoto hunyonya mara nyingi: kati ya mara 8 na 12 katika saa 24, usiku na mchana. Anapotaka kunyonya kila baada ya saa mbili, hiyo si dalili kwamba maziwa ya mama hayatoshi. Kadiri anavyonyonya mara kwa mara, ndivyo mwili wa mama unavyozidi kutengeneza maziwa.

Jinsi ya kujua kama anashiba

Swali ambalo mzazi wa mtoto anayecheua anafaa kujiuliza ni hili: je, mtoto anakua? Kiasi cha maziwa yaliyomwagika begani hakitoi jibu. Mizani ndiyo hutoa jibu.

Ni kawaida kwa mtoto kupoteza uzito kidogo katika siku za kwanza, hadi asilimia 7 au hata 10 ya uzito aliozaliwa nao. Anapofikisha siku 10 hadi 14, anafaa kuwa amerejea kwenye uzito huo. Baada ya hapo, katika miezi mitatu ya mwanzo, watoto wengi huongeza gramu 20 hadi 30 kwa siku, yaani takriban gramu 150 hadi 200 kwa juma.

Ndiyo sababu kijitabu cha afya ya mama na mtoto kinachotolewa kliniki hakifai kusahaulika nyumbani. Kila mara mtoto anapopelekwa kuchanjwa, ikiwemo katika juma la 6, la 10 na la 14, uzito wake hupimwa na kuwekwa alama kwenye mchoro. Mstari ukiendelea kupanda, mtoto anayecheua ni mtoto mwenye afya anayechafua nguo. Mstari ukilala au ukishuka, ni lazima sababu itafutwe, hata kama anacheua kidogo tu.

Kati ya ziara moja ya kliniki na nyingine, nepi pia hutoa habari. Kuanzia siku ya tano hivi, mtoto anayeshiba hulowesha nepi sita au zaidi kwa siku, na mkojo wake huwa mweupe au wa manjano hafifu. Choo chake cha kwanza huwa cheusi na chenye kunata, kisha hubadilika polepole kuwa cha manjano na laini.

Mkojo ukiwa mchache na wenye rangi nzito, mdomo ukiwa mkavu au utosi ukiwa umebonyea, huenda mtoto amepungukiwa na maji mwilini. Hali hiyo inahitaji matibabu ya haraka.

Namna ya kupunguza kucheua

Hakuna dawa inayohitajika kwa mtoto anayecheua huku akiongeza uzito. Kuna mambo ya kawaida, hata hivyo, ambayo husaidia.

La kwanza ni jinsi mtoto anavyoshika titi. Mdomo unafaa kufunguka wazi na kushika sehemu kubwa ya weusi unaozunguka chuchu, kidevu kikigusa titi na mdomo wa chini ukiwa umepinduka nje. Mtoto anayeshika chuchu pekee humeza hewa nyingi, humuumiza mama na hapati maziwa ya kutosha. Hewa hiyo inapopanda hubeba maziwa.

La pili ni kumbeulisha, yaani kumsaidia apige mbweu. Mama humweka begani akiwa wima, au humketisha pajani huku akishikilia kidevu na kifua chake, kisha humpapasa au kumpigapiga mgongo taratibu. Hili linaweza kufanywa anapobadilishwa titi na anapomaliza kunyonya. Asipopiga mbweu baada ya dakika chache, hakuna haja ya kumlazimisha.

La tatu ni kumshika wima kwa dakika 20 hadi 30 baada ya kunyonya. Wakati huo si wa kumrusharusha wala kumfunga mgongoni kwa leso, kwa sababu tumbo lililojaa likibanwa husukuma maziwa juu. Baridi ya Kericho huwafanya wazazi wamvike mtoto nguo nyingi, na hilo ni sawa mradi zisimkaze tumboni. Nepi pia isikazwe mno.

La nne linawahusu wanaotumia chupa au kikombe. Mtoto asilazimishwe kumaliza kilichopimwa. Anapogeuza uso au kufunga mdomo, ameshiba. Kumpa kidogo kidogo mara nyingi ni bora kuliko kumjaza kwa mkupuo mmoja. Moshi wa sigara nao huzidisha tatizo hili, mbali na madhara yake mengine kwa mapafu ya mtoto.

Kuhusu mama mwenyewe, hahitaji kuacha vyakula vyake vya kila siku. Hata chai, ambayo ni vigumu kuikwepa katika eneo hilo, haina madhara ikinywewa kwa kiasi, mathalani vikombe viwili au vitatu kwa siku.

Alale chali

Baadhi ya wazazi humlaza mtoto kifudifudi au kwa ubavu wakiogopa kwamba akicheua akiwa chali atakabwa na maziwa. Hofu hiyo inaeleweka, lakini haina msingi.

Mtoto anapolala chali, njia ya hewa huwa juu ya umio. Maziwa yanayorudi hulazimika kupanda ili kuingia katika njia ya hewa, hivyo mtoto huyameza tena au huyatoa mdomoni. Anapolala kifudifudi mambo hugeuka: njia ya hewa huwa chini na maziwa huweza kuiteremkia.

Marekani ilianzisha kampeni ya kuwalaza watoto chali mwaka 1994, na vifo vya ghafla vya watoto wachanga usingizini vilipungua kwa takriban nusu katika miaka iliyofuata. Vifo vya kukabwa na matapishi havikuongezeka. Kwa hiyo mtoto anayecheua anafaa kulala chali kama wengine, juu ya godoro lisilobonyea, pasipo mito wala mablanketi mazito karibu na uso wake.

Makosa yanayofanywa kwa nia njema

Nyanya na mashangazi wamelea watoto wengi, na msaada wao kwa mama aliyejifungua hauna kifani. Pamoja na hayo, kuna desturi ambazo elimu ya afya imeonyesha kuwa zina madhara.

Mojawapo ni kumpa mtoto uji mwepesi ili maziwa yawe mazito tumboni. Tumbo la mtoto aliye chini ya miezi sita halijawa tayari kwa nafaka. Uji humjaza bila kumpa virutubishi anavyohitaji, humfanya anyonye kidogo, na hivyo maziwa ya mama hupungua. Ukitayarishwa kwa maji au vyombo visivyo safi, huleta pia kuhara.

Nyingine ni maziwa ya ng'ombe. Katika jamii ya Wakipsigis, ambayo huthamini sana mifugo na mursik, yaani maziwa ya kuganda yanayohifadhiwa kwenye kibuyu, ni vigumu kwa baadhi ya watu kuamini kwamba maziwa yanaweza kumdhuru mtoto. Lakini maziwa ya ng'ombe yana protini na chumvi nyingi kupita uwezo wa figo za mtoto mchanga, na madini yake ya chuma ni machache. Yanaweza pia kusababisha utumbo wake kuvuja damu kidogo kidogo. Mursik ni chakula kizuri kwa wakubwa, si kwa mtoto wa majuma machache.

Chai nayo haifai kabisa, hata kijiko kimoja chenye maziwa na sukari. Huzuia mwili kufyonza madini ya chuma na huweza kuchangia upungufu wa damu. Asali haifai kwa mtoto yeyote aliye chini ya mwaka mmoja, kwa kuwa inaweza kubeba vijidudu vinavyotoa sumu ya kupoozesha misuli. Maji ya sukari na maji matupu hayahitajiki pia, kwani maziwa ya mama yana maji ya kutosha hata wakati wa joto.

Dawa za tumbo zinazouzwa bila ushauri wa daktari, na za mitishamba, hazitibu kucheua. Dawa za kupunguza asidi zina madhara yake, na hutolewa kwa watoto wachache tu ambao daktari ameona kwamba asidi inawaumiza, inawazuia kula au kuongeza uzito.

Kosa kubwa zaidi ni kuacha kunyonyesha na kuhamia maziwa ya kopo kwa kudhani kwamba maziwa ya mama ndiyo chanzo. Mtoto anayelishwa kwa chupa hucheua vilevile. Sheria ya Kenya ya mwaka 2012 inayosimamia vibadala vya maziwa ya mama hupiga marufuku kutangaza bidhaa hizo kwa umma, kwa lengo la kuwakinga wazazi dhidi ya ushawishi wa kibiashara.

Wapo watoto wachache ambao miili yao hukataa protini ya maziwa ya ng'ombe, hata ile inayowafikia kupitia maziwa ya mama. Aghalabu huwa na vipele, damu kwenye choo au hawaongezi uzito. Hao wanahitaji kuonwa na daktari kabla ya mama kubadilisha chochote.

Dalili za hatari

Dalili za mvua ni mawingu. Kuna dalili ambazo mzazi akiziona hafai kungoja kupambazuke, wala kungoja siku ya kliniki.

Ya kwanza ni rangi ya kijani. Mtoto mchanga anayetapika majimaji ya kijani anatapika nyongo. Huenda utumbo wake umejisokota au umeziba. Utumbo uliojisokota hukosa damu, na unaweza kufa katika muda wa saa chache. Hata kama mtoto anaonekana mchangamfu, hiyo ni dharura ya upasuaji hadi madaktari wathibitishe vinginevyo.

Ya pili ni kutapika kwa nguvu baada ya kila mlo, maziwa yakiruka mbali. Dalili hii ikianza kati ya juma la pili na la nane, huenda msuli ulio kwenye njia ya kutokea tumboni umenenepa na kuziba njia. Hali hii huwapata wavulana takriban mara nne zaidi ya wasichana. Mtoto hutapika kisha papo hapo hutaka kunyonya tena kwa njaa, huku akizidi kukonda.

Zamani watoto wengi wenye tatizo hilo walifariki. Mnamo 1912, daktari Mjerumani Conrad Ramstedt alieleza njia ya kuupasua msuli huo bila kukata utando wa ndani, na upasuaji huo ungali unatumika hadi leo. Mtoto hurudishiwa kwanza maji na chumvi za mwili, kisha hupasuliwa, na kwa kawaida hupona kabisa. Kinachohatarisha maisha yake ni kucheleweshwa nyumbani akijaribiwa uji na dawa.

Mbali na hizo mbili, mtoto anafaa kupelekwa hospitalini mara moja akiwa na mojawapo ya dalili hizi:

- Matapishi yenye damu au yanayofanana na unga wa kahawa. Wakati mwingine damu hiyo hutoka kwenye chuchu za mama zilizopasuka, lakini uamuzi huo uachiwe mhudumu wa afya.
- Kukataa kunyonya, au kuwa mnyonge na mgumu kuamshwa.
- Joto la mwili la nyuzi 37.5 au zaidi, au mwili baridi ulio chini ya nyuzi 35.5.
- Kupumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, kifua kubonyea anapovuta pumzi, au kubadilika rangi na kuwa samawati mdomoni.
- Tumbo lililovimba na kuwa gumu, au kutopata choo katika siku mbili za kwanza baada ya kuzaliwa.
- Degedege, au utosi uliovimba.
- Kutokwa na mapovu mengi mdomoni na kukabwa kila anaponyonya tangu siku ya kuzaliwa.

Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, au mwenye uzito mdogo, hudhoofika upesi zaidi, na wazazi wake wasisubiri dalili zikusanyike.

Miongoni mwa hospitali zinazohudumia wakazi wa eneo hilo ni Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Kericho, Hospitali ya Kapkatet, hospitali ya misheni ya Litein, Hospitali ya Longisa na Hospitali ya Tenwek karibu na mji wa Bomet. Kituo kidogo cha afya kilicho karibu kinaweza kumwanzishia mtoto huduma ya kwanza na kumwandikia barua ya rufaa. Njiani, mtoto ashikwe karibu na mwili wa mama ili asipate baridi, na mzazi abebe kijitabu cha kliniki. Nguo yenye matapishi ya kijani isifuliwe: ipelekwe ili daktari aione.

Kunyonyesha na kazi ya majani chai

Ushauri wa WHO na Wizara ya Afya ni mtoto apewe maziwa ya mama pekee kwa miezi sita, kisha aanzishiwe vyakula vingine huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi. Kina mama wanaoishi na virusi vya ukimwi pia hushauriwa kunyonyesha huku wakitumia dawa zao ipasavyo.

Kenya imepiga hatua. Tafiti za kitaifa za idadi ya watu na afya zilionyesha kwamba mwaka 2003, ni asilimia 13 tu ya watoto walio chini ya miezi sita waliokuwa wakipewa maziwa ya mama pekee. Kiwango hicho kilipanda hadi asilimia 32 katika utafiti wa 2008-09 na asilimia 61 mwaka 2014. Mwaka 2022 kilikuwa asilimia 60, ishara kwamba ongezeko hilo limekwama.

Mojawapo ya vikwazo huonekana wazi kwenye mashamba ya chai. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mama likizo ya uzazi ya miezi mitatu yenye malipo kamili. Kwa hiyo mama aliyeajiriwa hutakiwa kurejea kazini wakati mtoto bado anahitaji miezi mitatu zaidi ya maziwa pekee. Mchumaji hulipwa kwa kilo, na kila nusu saa anayotumia kunyonyesha humpunguzia majani kwenye kikapu. Mkulima mwenye shamba dogo naye hukimbizana na wakati ili afikishe majani kwenye kituo cha kununulia kabla ya gari la kiwanda kuondoka.

Mtoto aliyeachwa nyumbani na yaya au ndugu yake mkubwa huwa rahisi kupewa uji au maziwa ya ng'ombe, hasa ikiwa anacheua na kulia. Wakati mwingine kulishwa huko ndiko huzidisha tatizo lililowatia hofu.

Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri kutenga mahali safi na pa faragha pa kunyonyeshea au kukamulia maziwa. Humpa mama pia muda wa mapumziko usiozidi saa moja katika kila saa nane za kazi, mbali na mapumziko ya chakula, na muda huo huhesabiwa kuwa wa kazi. Kina mama wengi hawajui kwamba haki hiyo ipo.

Kericho yenyewe imetoa mfano. Katika shamba moja kubwa la chai, ulifanyika mradi wa utafiti uliohusisha vyumba vya kukamulia maziwa, vituo vya kutunzia watoto, mapumziko ya kunyonyesha na mafunzo kwa wasimamizi, wafanyakazi wenzao na walezi wa watoto. Ulionyesha kwamba kina mama waliosaidiwa hivyo waliweza zaidi kudumisha maziwa ya mama pekee.

Mama asiye na kituo kama hicho anaweza kukamua maziwa kwa mkono kabla ya kwenda kazini, baada ya kunawa kwa sabuni. Maziwa hayo hukaa salama kwenye chombo safi chenye kifuniko hadi saa nne mahali penye joto lisilozidi nyuzi 25, au hadi siku nne kwenye jokofu. Mlezi ayapashe kwa kutia chombo hicho ndani ya maji moto, wala asiyachemshe. Kisha ampe mtoto kwa kikombe kidogo, kwa kuwa kikombe ni rahisi kusafisha kuliko chupa. Yanayobaki baada ya mtoto kushiba yamwagwe.

Mlezi huyo pia anafaa kufundishwa mambo machache kabla mama hajaondoka: kumbeulisha mtoto, kumlaza chali, kutompa kitu kingine chochote, na kumpigia mama simu mara moja akiona matapishi ya kijani.

Msaada ulio karibu

Akina baba wana nafasi yao. Sheria huwapa walioajiriwa majuma mawili ya likizo mtoto anapozaliwa. Baba anaweza kumshika mtoto wima usiku baada ya kunyonya ili mama apate usingizi, na kumtetea mama anaposhinikizwa na jamaa kumwanzishia mtoto uji.

Vijijini wako pia wahudumu wa afya ya jamii, ambao zaidi ya 100,000 kote nchini walipewa mikoba ya vifaa katika mpango uliozinduliwa na serikali mnamo Septemba 2023. Hao hutembelea nyumba kwa nyumba, na ndio wa kwanza kuulizwa mzazi anapokuwa na shaka ambayo si ya dharura.

Mzazi wa mtoto anayecheua, basi, akague mambo mawili: uzito kwenye kijitabu cha kliniki na rangi ya kinachotoka. Ikiwa uzito unapanda na kinachotoka ni maziwa, aendelee kunyonyesha na aongeze vitambaa vya kupangusia. Ikiwa uzito umekwama, ampeleke kliniki bila kuchelewa. Na ikiwa rangi ni ya kijani au ya damu, safari ya hospitali ianze papo hapo.